Muulize Ami Fundi: Nani Kafa Kwanza?

Ukurasa huu ulianza kuwa wa ufundi. Nilikuwa nikijibu maswali ya feni zinazonguruma na pasi zisizoshika moto, mpaka siku moja nikateleza ulimi nikasema kwamba nyuma ya karakana yangu hapa Malindi, kila Jumamosi baada ya alasiri, vijana hukaa na mimi tukacheza Magic. Tangu siku hiyo feni zimenisahau. Mhariri ananiletea barua za kadi tu, na yeye mwenyewe hajui kadi hizo ni nini. Basi kwa ajili yake na wengine kama yeye, maneno machache kwanza.

Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi uliotungwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, ukatoka mwaka 1993. Kila mchezaji huja na pakiti yake mwenyewe aliyoipanga, isiyopungua kadi 60, na huanza na uhai 20. Sisi twahesabu uhai kwa komwe za bao. Unashusha ardhi, unazilaza upande upate mana, na mana ndiyo pesa ya kununulia viumbe na mapigo. Uhai ukifika sifuri umetoka. Hayo ni mepesi. Uzito ni kwamba kila kadi ina sentensi yake, na kadi tofauti zilizokwisha kuchapishwa zinapita 20,000. Kadi mbili ambazo mtungaji hakuwahi kuzifikiria pamoja zinakutana kwenye meza yangu ya mninga, zote zasema kweli, na watoto wawili wanasimama juu ya viti.

Kadi zangu za kwanza niliachiwa na Mtaliano aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Nilikuwa namdai matengenezo ya feni tatu za dari. Akanipa boksi la viatu, akasema ndani mna thamani kuliko deni. Nilimwona tapeli. Leo nisingelibadilisha boksi lile kwa feni thelathini, ingawa hewa ya chumvi imezipinda nyingi kama majani ya mkungu.

Haya, barua.

Shikamoo Ami. Kaka yangu ana kiumbe cha mbili kwa mbili, yaani nguvu 2 na ustahimilivu 2. Nikakitupia Lightning Bolt, madhara 3. Yeye akatupa Giant Growth, kiumbe kikaongezeka 3 kwa 3 mpaka mwisho wa zamu. Mimi nasema nimetupa kwanza, kwa hiyo kimekufa. Yeye asema kimepona. Na hata kama kimepona, zamu ikiisha si kinarudi kuwa mbili kwa mbili na yale madhara 3 kinayo bado? Mama kasema tukigombana tena atazitia jikoni. Binti wa Langoni, Lamu.

Marahaba mwanangu. Mwambie mama asubiri, kadi hizo zitanuka tu na chai haitachemka.

Kaka yako ana haki. Najua hupendi kusikia, lakini wewe ni mtoto wa Lamu na umeona jahazi likipakuliwa boriti gatini. Boriti iliyopakiwa mwisho iko juu, nayo ndiyo ya kwanza kuteremshwa. Huwezi kuivuta ya chini ukaacha za juu zikining'inia. Kadi nazo ni hivyo. Ukitupa Lightning Bolt haifanyi kazi papo hapo. Inakwenda kulala kwenye rundo, nawe unampa mwenzako nafasi ya kujibu. Akijibu, kadi yake inakaa juu ya yako. Akikupa nafasi nawe ukasema huna la kuongeza, ya juu inatekelezwa, na ya juu ni yake. Kiumbe kinakuwa tano kwa tano. Ndipo pigo lako linashuka na madhara yake 3 juu ya mwili wa ustahimilivu 5. Hakifi.

Kwa hiyo "nimetupa kwanza" katika mchezo huu mara nyingi ni hoja ya anayeshindwa. Mimi mwenyewe niliipigia kelele kwa wiki mbili mpaka kijana mmoja akanionyesha kwenye simu.

Sasa geuza. Kama kaka yako angetupa Giant Growth kwanza, pengine ili kiumbe chake kikupige zaidi, kisha wewe ukamjibu kwa Lightning Bolt, pigo lako ndilo lingekuwa juu. Linatekelezwa, kiumbe bado ni mbili kwa mbili, kinakwenda kaburini. Giant Growth inashuka kumtafuta iliyemlenga, hayupo, nayo inafuata kaburini bila kufanya lolote. Kadi moja yako imekula mbili zake. Ndiyo maana nikiwa na Lightning Bolt mkononi huwa siharakishi. Nakunywa kahawa yangu taratibu, nangoja mtu atoe mali yake kwanza.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, na hapa nakusifu, kwa sababu watu wazima hawaliulizi. Zamu inapoisha kuna hatua ya kusafisha meza, na kanuni nambari 514.2 inasema madhara yote yanafutika na nyongeza za "mpaka mwisho wa zamu" zinakwisha kwa wakati mmoja. Haziondoki kwa foleni. Deni na nguvu ya kulibeba vinapanda mashua moja. Hakuna hata nukta moja ambayo kiumbe ni mbili kwa mbili na madhara 3 mgongoni. Nyongeza ingekuwa inaondoka kabla ya madhara ungekuwa umeshinda wewe, na kaka yako angekuwa ndiye mwandishi wa barua hii.

Ami, huku Mambrui kuna jamaa ana kiumbe cha tano kwa tano kikanyagacho, tena kina mguso wa mauti. Nikakizuia kwa changu cha sita kwa sita. Akasema anakipa changu dhara 1 tu na 4 zinanipata mimi. Huu si wizi? Aliyekanyagwa.

Si wizi. Kiumbe kikanyagacho kinatakiwa kumpa mzuiaji madhara ya kutosha kumuua, ziada ipite kwa mchezaji. Mguso wa mauti unafanya dhara 1 litoshe kuua. Basi 1 kwa kiumbe chako, 4 kwako. Ungezuia kwa viwili angetoa 1 na 1, ukapata 3. Na usidhani kitakusaidia kiumbe kisichoangamizika: chenyewe hakitakufa, lakini hesabu ya "dhara la kutosha" ni ile ile moja, na zilizobaki zitakufuata. Nunua kadi ya kuondoa kiumbe hicho kabla hakijasimama. Dawa nyingine siijui.

Assalaam aleikum Ami Fundi. Sisi ni mke na mume, Watamu, hatuna ugomvi mwingine wowote ila huu. Kila mmoja alikuwa amebaki na uhai 1, na kila mmoja ana Blood Artist mezani: kiumbe hicho au kiumbe kingine chochote kikifa, mchezaji mmoja aliyelengwa hupoteza uhai 1 na mwenye kadi huongeza 1. Ilikuwa zamu ya mke wangu. Akatupa Wrath of God, viumbe vyote vikafa. Yeye asema kashinda kwa sababu zamu ni yake. Mimi nasema tumetoka sare. Tuamulie.

Wa aleikum salaam. Nyote wawili mmekosea, na kosa la bibi ni tamu zaidi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza, Blood Artist akifa hana habari kwamba amekufa? Anayo. Uwezo wa namna hii hujifyatua kama mtego, na kwa mambo ya kufa mchezo hutazama nyuma: ni nani alikuwa mezani mauti yalipopita? Wote wawili walikuwapo, wakafa pamoja, na kila mmoja alijiona yeye na akamwona mwenzake. Kwa hiyo kila upande una mitego miwili iliyofyatuka, tukichukulia hapakuwa na kiumbe kingine.

Mitego yote minne inataka kupanda kwenye rundo kwa wakati mmoja. Nani atangulie? Kanuni inasema mwenye zamu anaweka yake kwanza, kisha asiye na zamu anaweka yake juu. Bibi ndiye mwenye zamu. Yake miwili chini, ya bwana miwili juu. Sasa rudi kwenye boriti za yule binti wa Langoni. Ya juu kwanza. Mtego wa kwanza wa bwana unatekelezwa: bibi anapoteza uhai 1, bwana anakuwa na 2. Kabla mtego wowote mwingine haujagusa meza mchezo unakagua hali, unamkuta bibi ana uhai sifuri, na bibi katoka. Mitego yake miwili imebaki kwenye rundo haijawahi kusema neno.

Kwa hiyo bwana ameshinda, kwa kadi ambayo bibi aliitupa kwa mkono wake mwenyewe, katika zamu yake mwenyewe. Bibi, pole sana. Kadi ile ile ingetupwa na mumeo katika zamu yake, wewe ndiye ungeshinda. Nimeona watu wakishika kichwa kwa hili kuliko jambo lolote, maana sote tumezoea kwamba mwenye zamu ndiye mwenye enzi. Katika kutupa kadi, naam. Katika mitego inayofyatuka pamoja, enzi inageuka mzigo.

Bwana, nawe usicheke sana. Ulidai sare.

Ami, nina Lightning Bolt ya Kitaliano, imeandikwa Fulmine, ya zamani, nilipewa na mgeni pale hotelini ninapofanya kazi. Kitaliano nakisoma vizuri. Kadi inasema inapiga kiumbe au mchezaji. Rafiki yangu ana ya Kiingereza mpya, inasema inapiga mlengwa yeyote, naye akaitumia kumpiga planeswalker wangu, yaani kadi ya mchawi anayesimama upande wangu, si kiumbe wala mchezaji. Mimi nikitaka kumpiga wa kwake anasema kadi yangu hairuhusu. Kadi moja, sheria mbili? Mhudumu, Malindi.

Huyu rafiki yako anakula kotekote. Kadi ni moja na sheria ni moja. Kilichochapwa kwenye karatasi si neno la mwisho. Watengenezaji wanaweka maandishi rasmi ya kila kadi, kwa Kiingereza, yanayosasishwa kanuni zikibadilika, na hayo ndiyo yanayofuatwa, iwe kadi yako ni ya Kitaliano, Kijapani, au imefutika kwa jasho. Mwaka 2018 kadi nyingi zilizokuwa zikisema "kiumbe au mchezaji" zilibadilishwa zote kwa pamoja ziseme "mlengwa yeyote", na planeswalker akiwamo. Fulmine yako ilibadilika siku hiyo ingawa ilikuwa imelala sandukuni. Mpige.

Hapa Malindi jambo hili lina uzito kuliko kwingine, kwa sababu nusu ya kadi zetu zilikuja kwenye mabegi ya Wataliano, na nyingi ni za miaka ya tisini. Mtakuta kadi zimeandikwa aina ambayo haipo tena. Counterspell ya zamani, kadi ya kufuta pigo la mwenzako, kwa mfano, ilikuwa ya aina iliyoitwa interrupt, yenye kanuni zake za haraka. Mwaka 1999 aina hiyo ikafutwa, rundo nililolieleza hapo juu likaingia, na Counterspell ikawa pigo la papo kwa papo kama mengine. Nina mzee mmoja anayekuja Jumamosi, alijifunza kwa Wataliano kabla ya mabadiliko hayo, na mpaka leo anasema "hiyo huwezi kuijibu". Namheshimu, ni rika la marehemu baba yangu, lakini twaijibu.

Ushauri wa fundi: usibishane kwa kilichoandikwa kwenye kadi yako ya zamani kabla ya kuangalia maandishi rasmi kwenye simu. Na usimwachie anayeshindwa akutafsirie Kitaliano.

Nimeshusha kiumbe kinachosema mchezaji hawezi kuvuta zaidi ya kadi moja kila zamu. Mwenzangu kesha vuta ya kawaida, kisha akatupa kadi inayosema "vuta kadi mbili". Asema kadi yake ni mpya na imesema wazi. Dereva wa tuktuk, Maweni.

Havuti hata moja. "Hawezi" inaishinda "vuta" daima, iwe ya nani, iwe ya lini. Kanuni 101.2. Hebu nipite.

Ami, mimi nafundisha hesabu Gede na hili limenishinda. Mezani kuna Furnace of Rath: chanzo chochote kikitaka kutoa madhara, badala yake kinatoa maradufu. Mimi nimetupa Healing Salve inizuie madhara 3 yajayo. Kiumbe cha nguvu 4 kikanipiga bila kuzuiwa. Je, ni 4 mara 2 toa 3, yaani 5? Au 4 toa 3 mara 2, yaani 2? Katika hesabu mabano yako wapi?

Mwalimu, mabano unayaweka wewe. Ndiyo uzuri wa jambo hili.

Kuna athari ambazo hazingoji tukio litokee kisha zikajibu. Zinalishika tukio mlangoni zikalivisha nguo nyingine kabla halijaingia. Mara nyingi utazitambua kwa neno "badala", na kinga ya madhara huhesabiwa pamoja nazo. Hizo haziendi kwenye rundo kabisa, kwa hiyo boriti zangu hazitusaidii hapa. Mbili zikitaka kulishika tukio moja, kanuni 616 inampa chaguo yule anayeathirika. Siyo mwenye zamu, siyo mwenye Furnace, siyo mwenye kiumbe. Anayepigwa. Na kama kinachopigwa ni kiumbe au kitu kingine mezani, anachagua mwenye kukimiliki kwa wakati huo.

Wewe ndiye unayepigwa, basi toa kwanza 3 katika 4, ibaki 1, izidishe, upoteze 2. Mwenzako anaweza kununa, lakini hana sauti. Wanafunzi wako wakikuuliza kwa nini walijifunza utaratibu wa hesabu, waambie kuna mahali pamoja duniani ambapo aliyepigwa anaruhusiwa kuuvunja.

Ami, je, kwenye kadi za kawaida, mtu akikutupia 2 uvute mbili, ree inakata au haikati? Kwetu Shela inakata. Nimekwenda Mokowe nikaambiwa haikati, nikavuta kadi nne.

Kijana, huo mchezo hauna kitabu. Kila baraza lina katiba yake, na mwenye baraza ndiye mahakama. Uliza kabla karata hazijagawiwa: ree inakata? Nane ni swali? Ukisahau kusema "niko kadi" unavuta ngapi? Ukiuliza baada ya kutupiwa 2, hata jibu likiwa upande wako utaonekana mjanja mbaya. Kuhusu nne ulizovuta Mokowe sina msaada, rufaa yangu haifiki mpaka huko.

Niliambiwa na mtu mmoja kwamba Magic nayo ingekuwa hivyo, kila mtaa na sheria zake, tusingegombana. Sikubaliani naye hata kidogo. Kitabu chake cha kanuni kinapita kurasa 200, nambari juu ya nambari, nami nimekiweka kwenye simu kwa sababu kukichapa pale duka la fotokopi ni bei ya mbuzi. Lakini kwa sababu kipo, mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kumwambia mzee kama mimi "hapana", akasoma mstari, na mzee akanyamaza. Barua ya mwisho ni ushahidi.

Ami, shikamoo. Mimi ni yule wa kiti cha dirishani. Jumamosi ile nilikuwa na Blood Moon ukanihukumu. Nimekwenda kusoma. Nafikiri ulikosea. Samahani sana.

Marahaba. Na usiombe samahani. Niwaeleze wengine kilichotokea.

Mpinzani wake alikuwa na Urborg, Tomb of Yawgmoth, ardhi moja ya ajabu inayosema kila ardhi mezani ni Kinamasi pamoja na aina zake nyingine. Kinamasi hutoa mana nyeusi. Ardhi zake nyingine zilikuwa Misitu ya kawaida kabisa, zile ziitwazo ardhi za msingi, na kwa msaada wa Urborg kila Msitu ukawa unaweza kutoa nyeusi. Binti huyu akashusha Blood Moon: ardhi zote zisizo za msingi ni Milima. Urborg si ya msingi, kwa hiyo ikawa Mlima. Mpinzani akasema, sawa, Urborg yenyewe ni Mlima, lakini Misitu yangu ni ya msingi, Blood Moon haiigusi, na Urborg ilikuwa mezani kabla, kwa hiyo Misitu yangu bado ni Vinamasi. Akalaza Misitu miwili, akatoa nyeusi, akatupa Doom Blade, akaua kiumbe pekee cha binti. Zamu mbili baadaye mchezo ulikwisha.

Mimi niliulizwa, nikaegemea kiti, nikatoa hukumu kwa sauti nzito: iliyotangulia inahesabiwa kwanza, basi Misitu ni Vinamasi. Sikufungua simu. Umeme ulikuwa umekatika, joto lilikuwa kali, na nilikuwa na hakika.

Sasa sikilizeni. Athari zinazokaa mezani na kubadilisha sura ya vitu haziendi kwenye rundo wala hazichaguliwi na anayeathirika. Zinahesabiwa kwa tabaka saba: unakili, umiliki, maandishi, aina, rangi, uwezo, kisha nguvu na ustahimilivu. Urborg na Blood Moon zote zinabadilisha aina, kwa hiyo ziko tabaka moja, la nne. Ndani ya tabaka moja kwa kawaida iliyotangulia kufika mezani ndiyo inayotangulia kuhesabiwa. Hapo ndipo niliposimama, na hapo ndipo nilipozama.

Maana kuna neno baada ya hilo. Ikiwa kuitekeleza athari moja kunaweza kuifanya nyingine isiwepo kabisa, basi ile ya pili inaitegemea ya kwanza, na inayotegemewa hutangulia hata kama imechelewa kufika. Ardhi ikigeuzwa kuwa aina ya msingi, kama Mlima, inapoteza maandishi yake yote na kubaki na kutoa mana ya Mlima tu. Blood Moon haisemi hivyo popote usoni mwake; limo kwenye kanuni, 305.7. Kwa hiyo Blood Moon ikitekelezwa, Urborg haina tena sentensi ya kutoa. Urborg inaitegemea Blood Moon. Je, na kinyume chake? Urborg ikiongeza Kinamasi hapa na pale haiifanyi Blood Moon itoweke wala haigeuzi ardhi isiyo ya msingi kuwa ya msingi. Hapana. Utegemezi ni wa upande mmoja.

Basi Blood Moon kwanza. Urborg ni Mlima bubu. Misitu ni Misitu, inatoa kijani, basi. Hakuna nyeusi, hakuna Doom Blade, na kiumbe cha binti kilikuwa hai.

Nilifikiri nimwambie faragha. Lakini hukumu niliitoa mbele ya watu tisa na mmoja alikuwa akicheka, kwa hiyo naibatilisha hapa mbele ya wote wanaonunua gazeti hili. Mchezo ule ulikuwa wako. Zawadi ya Jumamosi ile ilikuwa sahani ya viazi karai, ikaliwa na mwingine. Yako nimeshailipia kwa mama wa viazi pale kona ya soko la zamani. Pitia kabla ya alasiri, zingali moto, na mwambie nimesema aongeze ukwaju.